Sauti ya Walii

Shehe alisema lazima aisikie sauti yake. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa anaolewa Jumapili, na aliyepaswa kumwozesha hakuwepo nchini. Baba yetu alikwisha kufa, babu hatukumwahi, na baba mdogo hatukuwa naye. Kwa hiyo walii wake, mwanamume wa damu ya baba mwenye haki ya kumtoa, alikuwa ndugu yetu wa kiume, wa katikati kati yangu na bibi harusi. Naye wakati huo alikuwa Kanada, akipiga deki sakafu za chuo kimoja.

Mie ndiye mkubwa wao. Mama alipofariki nilikuwa darasa la sita. Baba alikuwa amemtangulia, na mimi sikurudi tena shuleni. Niliwalea wote wawili kwa charahani ya mama, katika vyumba viwili vya kupanga pale Mwananyamala. Niliwashonea sare, niliwakesha wakiwa na malaria, nilikwenda kuitwa kwa mwalimu mkuu pale walipokosea. Lakini kuozesha siwezi. Mwanamke haozeshi. Sikuwahi kuligombania hilo, ila wiki ile lilinikaa kooni.

Shehe alikuwa na njia nyingine, akaisema kwa upole. "Binti yangu, walii akiwa mbali asipatikane, hakimu anasimama badala yake. Ikishindikana kabisa nitamwozesha mie." Nilimshukuru, nikarudi nyumbani, na usingizi ukanipaa. Kwetu, binti anayeozeshwa na hakimu ni yule ambaye hana mtu. Miaka yote ile nilikuwa nahangaika ili asije mtu akasema watoto wale hawana mtu.

Na kulikuwa na jambo lililonitia hofu zaidi ya umbali. Ndugu yangu nilimpa habari ya posa kwa simu, akauliza, "Mbona haraka hivyo? Si nasikia kapata nafasi ya chuo cha ualimu?" Simu ikakatika kabla sijamjibu. Tangu hapo hakupiga tena. Sikujua kama alikubali, kama alikasirika, au kama ni shughuli zake tu.

Tungeweza kwenda mjini kwenye nyumba ya simu, lakini kule kibandani huingia mtu mmoja na mkonga mmoja. Shehe alitaka yeye na mashahidi wawili waisikie idhini kwa pamoja, tena kutoka kinywani mwake. Ndipo nikaenda kwa mama wa dukani.

Familia ile walikuwa Waarabu waliokaa mtaani kwetu tangu enzi za babu zao, na mie ndiye niliyemshonea mama yule madera yake yote. Mwanawe wa kwanza alikuwa amenunua kompyuta na kuiunganisha na laini ya simu ya nyumba. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na mtaa mzima haukuwa na nyingine. Mjini tulisikia watu wanaongea na Ulaya kwa intaneti, lakini kwetu lilikuwa bado jambo la kuhadithiwa.

"Hii ishu ndogo sana, dada," yule kijana akaniambia. "Mwambie braza akae kwenye kompyuta ya hapo chuoni kwake, sie tutakaa kwenye hii. Tunaongea kama tuko chumba kimoja. Spika nitaweka zile kubwa za redio."

Akamwandikia kwa kompyuta. Jibu lilikuja kesho yake, nikamwomba anisomee mara mbili. "Jumamosi nitakuwepo, asubuhi ya huku, jioni ya huko." Basi. Hakuna salamu kwa bibi harusi, hakuna heri, hakuna lolote la kushika.

Jumamosi baada ya alasiri tulikusanyika sebuleni kwa mama wa dukani. Shehe alikaa kwenye kochi, pembeni yake mshenga wa upande wa bwana harusi, mzee mmoja mcheshi aliyejipaka manukato yaliyosikika mpaka ukumbini. Huyo ndiye shahidi wa kwanza. Shahidi wa pili alikuwa mwenye duka mwenyewe, mume wa mama yule, ambaye kila dakika alichungulia dirishani kuona nani kaingia dukani. Mdogo wangu aliketi kwenye mlango wa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, kajifunika khanga. Mie nilisimama. Nilijaribu kukaa, miguu ikakataa.

Mama wa dukani aliona si adabu shehe kuingia nyumba isiyonukia, akaja na chetezo cha udi. Mwanawe akaruka.

"Mama! Moshi utaharibu mashine!"

"Udi haujapata kumharibu mtu."

"Hiki siyo mtu, mama."

"Basi kifunike," akasema, akaweka chetezo chini ya meza ileile.

Kijana akabonyeza vitu vyake. Kisanduku kidogo cha kuiunganisha kompyuta na simu kikalia kama redio inayotafuta stesheni, kikakoroma, kikanyamaza. "Imeshika," akasema. Haijapita muda ikakatika. Akapiga tena, ikashika, ikakatika tena. Kumbe baba yake alikuwa amepenya dukani kimyakimya na kunyanyua simu, na laini ilikuwa hiyohiyo moja.

"Nani kanyanyua simu?"

"Naagiza sukari!" sauti ikajibu kutoka dukani.

"Baba, tunaozesha mtu hapa!"

"Na hao waalikwa watakunywa chai kavu?"

Mama wa dukani alikwenda mwenyewe, akaichomoa simu ya dukani ukutani, akarudi ameishika mkononi kama kuku aliyekamatwa, mumewe nyuma yake. Ikapigwa mara ya tatu. Halafu, kutoka kwenye spika, nikamsikia ndugu yangu.

"Asalaam alay..."

Chumba kizima tukaitikia. Shehe kwa utulivu, mshenga kwa mbwembwe, mie kwa kilio. Tulipomaliza hakukuwa na kitu. Tukangoja. Ikatoka "Dada, shika..." nami nikadakia, "Marahaba, baba, marahaba, hujambo?" na pale pale akapotea.

Ilikuwa hivyo kwa muda mrefu. Akianza kusema, inasikika nusu ya neno, kisha hakuna. Kama mtu anayezibwa mdomo na kuachiwa, kuzibwa na kuachiwa. Kijana alichomoa waya na kuzichomeka upya. Alihamisha maiki mbali na spika. Alizima pangaboi, jasho likaanza kututiririka. Alipunguza sauti, akaiongeza, akaizima kompyuta yote na kuiwasha, nasi tukasubiri iamke kama tunamsubiri mgonjwa. Kila baada ya jaribio alisema, "Sasa hivi itakuwa poa," na kila mara yalitoka makombo yaleyale.

"Dada... mie... kuhusu ndoa hii..." kisha kimya.

"Eeh, kuhusu ndoa hii?" tukauliza wote.

Hakuna jibu. Nilimtazama shehe, naye alikuwa anatazama saa ya ukutani. Nilijua anahesabu magharibi. Mkononi nilikuwa na pindo la khanga, nilikwisha lisokota likawa kama kamba. Kuhusu ndoa hii, nini? Mtu anayekubali huanza hivyo? Na mtu anayekataa, huanzaje?

Ghafla kijana akasema, "Anaandika." Kwenye kioo cha kompyuta yakawa yanatokea maneno. Akatusomea kwa sauti. "Nyamazeni. Kila nikianza kusema mnaniitikia. Kompyuta ya huko haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja. Ikisikia eeh yenu inafunga sauti yangu."

Kijana akajipiga paji la uso. "Kadi ya sauti! Niliyoweka ni ile ya bei rahisi, ya upande mmoja. Kumbe sie wenyewe ndio tunamkata!"

Ni nani kati yetu angeweza kulifikiria? Kwetu mtu haachwi akasema peke yake kama anaongea na ukuta. Akisema, unaitikia. Shehe alikuwa na "naam" yake, mshenga ana "eeeh bwana wee," mama wa dukani "inshallah," mie "ndiyo, baba." Hata mwenye duka, ambaye hakusikiliza vizuri, alikuwa anaguna "mmh" kila baada ya pumzi. Tulikuwa tunamfanyia heshima, na kwa heshima ile tulikuwa tunamnyonga.

Mshenga akapata wazo. "Sasa si aandike tu kwamba ameridhia, tukaswali?"

Shehe akatikisa kichwa. "Barua ina mkono wa mwenyewe. Maandishi haya hayana mkono. Kijana huyu angekaa upande wa pili angeandika hivihivi."

"Ah, shehe!" kijana akalalamika.

"Sisemi utafanya. Nasema sitashuhudia nisichokijua. Sauti yake naijua, nilimsomesha Kurani akiwa mdogo, kanzu ikiburuza chini."

Basi tukajifunza kunyamaza. Haikuwa rahisi. Mara ya kwanza ndugu yangu alisema sentensi nzima, nzuri, safi, hata pumzi yake ilisikika, na mwisho wake mshenga akatoa "eeeh" ndefu ya kuridhika. Kwisha.

"Wewe mshenga," mama wa dukani akamwambia, "leo kazi yako ni kunyamaza, ndiyo maana imekushinda."

Mzee akavua kofia yake akaishika mdomoni kwa mikono miwili. Tulitaka kucheka, tukajizuia. Shehe akasogea kwenye maiki, akaeleza kilichomweka pale: kwamba anahitaji idhini ya walii, mbele ya mashahidi, ili kesho amwozeshe binti kwa niaba yake. Kisha akainua kidole, nasi tukabana pumzi.

"Shehe, nimekusikia," ndugu yangu akasema. Sauti yake ilikuwa imekuwa nzito tangu aondoke. "Kabla sijatoa idhini nina neno. Mie niliondoka nikamwacha mdogo wangu anasoma. Sasa kapata nafasi ya chuo, na papo hapo nasikia anaolewa. Sijui kama karidhia mwenyewe, au kuna mtu kachoka kumlisha. Nataka nimsikie yeye."

Sharti lile la kunyamaza lililotuletea sauti yake likanifunga mie mdomo, maana mtu wa kumlisha alikuwa mmoja tu, na kila aliyekuwa sebuleni alimjua. Mama wa dukani alitazama sakafuni kwa ajili yangu.

Shehe akamwita bibi harusi. Alitoka nyuma ya pazia kainamisha kichwa, khanga imefika mpaka puani, akakaa kwenye kiti mbele ya maiki.

"Mdogo wangu," spika ikasema. "Umeridhia?"

Akanyamaza.

Kwetu binti mwali akiulizwa hivyo na walii wake hunyamaza. Hainui macho, hasemi ndiyo. Anayekimbilia kujibu hufinywa na mashangazi. Kunyamaza kwake ndiko kukubali, na sote tulilijua hilo. Shehe alikwisha mpa mshenga ishara ya kichwa kwamba mambo tayari. Lakini ndugu yangu hakukiona kile kichwa kilichoinama. Alisikia tu chumba kitupu.

"Mdogo wangu? Upo?"

Kimya.

"Anasikia kweli huyo?"

Kimya. Mie na shehe tukaanza kusema pamoja, naye akasema juu yetu, ikatoka, "...basi nimeelewa." Halafu kikatokea kile kimya kingine, kikavu, kisicho na hata mvumo.

"Kakata?" nikamuuliza kijana.

"Sijui, dada. Inaonyesha imekatika tu, haisemi nani kakata."

Wote wakanitazama. Mshenga akaitoa kofia mdomoni. "Bibie, mie kwetu niliambiwa binti karidhia. Nimebeba maneno ya watu, nisije nikaonekana nimebeba debe tupu."

"Karidhia," nikasema.

"Hayo unasema wewe."

Mama wa dukani akaninong'oneza, "Mwambie aseme, mwanangu. Neno moja tu, limalize mambo."

Nikimwambia "sema," mbele ya shehe, mbele ya mashahidi, basi lile alilolihofia ndugu yangu litakuwa kweli: dada mkubwa anamwamrisha mtoto akubali mume. Akisema ndiyo kwa amri yangu, itakuwa ndiyo ya nani? Na moyoni, nitasema kweli, kulikuwa na kijidudu kinanitafuna. Ile haya aliyoiona, ilikuwa haya tu?

"Nikitoka hapa kwenda magharibi bila idhini," shehe akasema, "kesho nitaozesha mie." Alisema bila ukali. Ilinichoma vilevile.

Nilitoka nikaenda uani, nikasimama karibu na beseni la nguo zilizorowekwa. Nyuma yangu nilisikia kile kisanduku kikilia na kukwama, kikilia na kukwama. Laini ilikuwa na shughuli. Kijana alikuwa anailaani kwa sauti ndogo. Nilijua nikirudi ndani nitasema, kwa hiyo nikabaki kule kule, nikishika ukingo wa beseni kama lingenikimbia. Mwanga ulikuwa umeanza kupungua juu ya mabati.

Kikalia tena, kikakoroma, kikanyamaza vizuri. Nikasikia sauti ya mdogo wangu ikimwambia kijana, si ile ya mwali, ila ile ya kila siku, ya kuombea chumvi kwa jirani.

"Braza, hiyo maiki inasemewa wapi? Haya, niachie. Na nyie wote nyamazeni, tafadhali."

Mtu mmoja akakohoa, akanyamazishwa.

"Kaka, shikamoo. Ni mie. Usiniitikie, nitakatika. Nimenyamaza kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kunyamaza, siyo kwamba nimekataa. Nilisahau kwamba hunioni. Sasa sikiliza. Huyu mwanaume nimemtaka mie. Dada kamzungusha mwaka mzima, posa kairudisha mara ya kwanza, akasema mpaka matokeo yatoke. Yametoka. Chuo naenda, nishamwambia mwenyewe na mama yake pia, wakakubali. Kwa hiyo huyo mtu aliyechoka kunilisha mie simjui. Nimeridhia. Nimemaliza, sema wewe."

Sijui mshenga aliionaje sura ya binti aliyeambiwa ni mpole. Mie nilikuwa nimeegemea ukuta wa uani.

Nikadhani imekatika tena. Kisha spika ikasema, kwa sauti ya chini, "Dada yupo hapo?"

Mama wa dukani akaja mbio kunivuta mkono. Niliingia na unyevu wa beseni viganjani.

"Nipo," nikasema, nikaiacha maiki.

"Dada, nilisema mbele ya watu, na naomba radhi mbele ya watu haohao. Huku nakaa peke yangu, mtu unafika kuwaza mambo ya ajabu. Nilikuwa naona kama mnafanya mambo yenu mie sipo."

Nilisubiri nione kama amemaliza. Naye alikuwa anasubiri. Tulisubiriana mpaka kijana akanionyesha kwa kidole kwamba ni zamu yangu.

"Bila wewe hayafanyiki," nikamwambia. "Ndiyo maana tumekaa hapa tangu alasiri tunatoka jasho. Nimekusamehe. Mpe shehe neno lake."

Akajikohoza. Akataja jina lake na la marehemu baba, akataja jina la mdogo wetu, na jina la mume. Akasema amemfanya shehe wakala wake amwozeshe ndugu yake kwa mahari waliyokubaliana wenyewe, na kwamba anasema hivyo akiwa na akili zake na kwa hiari yake. Hakuna neno lililokatika. Shehe akasogea, akasema kwamba ameupokea uwakala. Akawageukia mashahidi. Mwenye duka akasema kasikia. Mshenga, kwa mara ya kwanza siku ile, alijibu kwa neno moja tu.

Walipotoka kwenda msikitini, mdogo wangu alirudi nyuma ya pazia, mama wa dukani akamfuata huko, nikasikia wanacheka. Kijana aliniuliza kama akate. Nikamwambia bado.

"Dada," ndugu yangu akasema, "nieleze kesho itakuwaje. Tangu asubuhi. Usiruke kitu."

Nikavuta kile kiti, nikakaa. Nikaanza na wapishi watakaokuja alfajiri na masufuria ya kuazima, nikaja kwa gauni nililolishona mwenyewe na pindo nililolifumua mara mbili, nikamwambia nani atakaa naye ndani wakati ndoa inafungwa, na mlango upi bwana harusi ataingilia. Kila nilipomaliza jambo moja niliiachia maiki nikangoja, na kila mara kutoka kule mbali alisema, "Endelea."